Matundu yasiyolingana: habari ya Datsun ya mama

Kimya changu kimekuwa kirefu mpaka wengine mmeanza kuuliza kama nimehama chuo au nimeolewa kimyakimya. Sijahama wala sijaolewa, nipo hapa hapa Mlimani, UE inabisha hodi na bumu limeshakuwa historia. Kilichonipoteza ni wikiendi nne mfululizo za kwenda Morogoro Ijumaa jioni na kurudi Jumapili usiku. Wale mlionikuta semina ya Jumatatu na kucha nyeusi mkadhani nimeanza kuuza mkaa, naomba mpunguze umbea. Yalikuwa masizi ya ekzosi.

Niliahidi kueleza, basi leo naeleza. Ni habari ndefu kidogo, mwenye haraka aende zake akamalizie assignment.

Nyumbani Kihonda tuna Datsun 160J ya mwaka 1979. Marehemu baba aliinunua kwa mtu kabla mimi sijazaliwa. Vijana mkiliona hilo gari mtacheka, lakini waulizeni wazee wenu kuhusu jina la Datsun. Safari Rally ya mwaka 1970 ilichukuliwa na Edgar Herrmann akiwa na Datsun 1600 SSS, na mwaka 1971 akarudia na Datsun 240Z. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda akawa dereva wa Kenya, alishinda mwaka 1973 na 240Z, halafu akashinda mara 4 mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, zote kwa Violet, ambayo ndiyo hii hii iliyouzwa nchi nyingi kwa jina la 160J. Jumla mara 5. Baba alikuwa hamalizi safari bila kumtaja Mehta, hata kama safari yenyewe ni ya kwenda kununua mkate.

Bila shaka gari za Mehta ziliandaliwa na kiwanda na la kwetu linabeba nyanya. Sifananishi. Nasema tu kwamba lile gari nyumbani kwetu si bati na matairi. Baba alipofariki, mama ndo akabaki nalo, anaenda nalo kanisani, sokoni, na mara mbili kwa mwezi anapanda nalo Mgeta kufuata mboga. Mnaoijua barabara ya Mgeta mnaelewa nikisema "anapanda".

Sasa tatizo. Mwanzoni mwa muhula mama alinipigia akasema gari limeanza kulia tiki tiki tiki asubuhi likiwa la baridi, likipata moto sauti inapungua. Mlimani limekuwa zito, anapanga gia ya pili pale alipozoea kupita na ya tatu. Halafu akaongeza, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba siku hizi akirudi Mgeta kichwa kinamuuma vibaya. Yeye aliamini ni presha. Wiki mbili baadaye akampakia mpwa wangu, mtoto wa miaka 5, nyuma ya gari, vioo vimefungwa kwa sababu ya baridi ya kule juu. Mtoto akalala. Kumwamsha nyumbani, amelegea, anatapika. Hospitali wakampima malaria, hana. Kufikia jioni akawa anacheza.

Mimi nasoma ualimu wa Kemia na Fizikia. Kusikia "gari", "vioo vimefungwa", "mtoto amelegea" nilihisi tumbo linakatika. Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu. Inashikana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni, kwa hiyo damu inazunguka tu lakini haibebi inachotakiwa kubeba. Gari la kabureta la zamani lisilo na kichujio cha kemikali kwenye ekzosi linatoa hiyo gesi kwa wingi. Moshi ukitokea nyuma kwenye bomba, unakwenda zake na upepo. Ukivujia mbele chini ya boneti, unaingia ndani kupitia njia za hewa na vitundu vya nyaya kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Na ile tiki tiki ndiyo sauti ya moshi unaovuja.

Nikamwambia mama asiliwashe tena mpaka nije. Akanijibu: "Mwanangu, mimi nimeshachoka nalo. Mwisho wa mwezi namwita mtu wa vyuma chakavu, alipime kwa kilo alichukue." Mama akisema hivyo ujue ameshafikiria. Mafundi wawili walikuwa wamekula hela yake tayari. Nikaomba anipe huo mwezi mmoja.

Fundi niliyeenda kwake alikuwa akimtengenezea baba zamani. Ni mzee, gereji yake iko chini ya mwembe, na vijana wengi wamemkimbia kwenda kwenye gereji za kompyuta. Nilimwamkia, akaitikia "marahaba ticha", maana toka nilipochaguliwa kusoma ualimu hajawahi kuniita jina lingine. Aliwasha gari likiwa la baridi, akachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine akawa anaipitisha karibu na injini kama daktari. Haikuchukua dakika mbili. "Ticha, hapa na hapa. Manifoldi haijakaa."

Kwa wale wa kozi nyingine nieleze kidogo. Injini ya gari letu ni L16, silinda 4 zimejipanga mstari mmoja, sisi 1595. Chini ni bloku ya chuma, juu ni silinda hedi ya aluminiamu yenye valvu. Petroli ikiungua, valvu ya kutolea inafunguka, moshi unapita kwenye tundu lililomo ndani ya hedi, unatokea ubavuni. Hapo ubavuni imefungwa manifoldi ya ekzosi, chuma kizito cha kumimina chenye mikono 4, kinachopokea moshi wa kila silinda na kuukusanya kwenye bomba moja. Katikati ya hedi na manifoldi inalala gaskiti. Kwa hiyo moshi unavuka mpaka: unatoka tundu la hedi unaingia tundu la manifoldi. Ukiwa na mzunguko 3000 kwa dakika, injini kama hii kila silinda inatema moshi mara 25 kwa sekunde, zote nne mara 100. Kila mara ni mpigo wenye moto na presha, na kila mpigo unapita mpakani. Mpaka ukiwa na kasoro, ndo mnaisikia hiyo tiki tiki.

Kufungua ilichukua Jumamosi nzima. Manifoldi inashikwa na stadi, yaani bolti zile zisizo na kichwa zilizopandwa kwenye hedi, na miaka mingi ya moto na baridi inazigandisha. Mzee hakutumia nguvu. Alizimwagia mafuta ya kupenya Ijumaa usiku, asubuhi akamwagia tena, akawa analegeza robo mzunguko, anakaza kidogo, analegeza. "Stadi ikikatikia ndani ya aluminiamu, ticha, utalia," alisema. Hakuna iliyokatika.

Tulipoishusha ndo tukaona. Fundi mmojawapo wa wale wa mwanzo, sitamtaja, alikuta manifoldi ya zamani ina ufa akafunga nyingine ya mtumba. Kwa nje zinafanana kama mapacha: stadi zinaingia, bomba linafika. Lakini hizi injini za Datsun za L zilitengenezwa kwa miaka mingi na hedi zake hazikubaki zile zile. Za mwanzo matundu ya ekzosi ni ya mraba wenye pembe za kuviringa. Za baadaye nyingi zikawa na matundu ya duara, ndani yake wameweka bomba jembamba la chuma ili moshi ubaki na joto lake, mambo ya kupunguza uchafuzi wa hewa. Hedi yetu ni ya mraba. Manifoldi aliyofunga yule bwana ilitoka kwenye injini ya duara.

Chukueni kalamu, hii ni hesabu ya kidato cha pili. Duara linaloingia kamili ndani ya mraba lina eneo la pai gawanya kwa nne ya mraba ule, yaani asilimia 78.5. Pembe nne zilizobaki ni asilimia 21.5. Kwenye gari namba hiyo inapungua kwa sababu pembe za tundu zimeviringwa, lakini picha ndo hiyo hiyo: moshi unatoka kwenye mraba, unakuta duara, na kwenye kila pembe unagonga ukuta. Kwenye gaskiti ya zamani masizi yalikuwa yamechora kila kitu. Katikati safi, pembeni pembe nne nyeusi, na kwenye silinda ya 1 na ya 4 weusi umetoboa njia mpaka nje. Ndo kuvuja kwenyewe.

Hapa mzee alinipa somo ambalo nalibeba mpaka leo. Aliniuliza: "Ticha, ngazi mbaya ni ipi, ya kupanda au ya kushuka?" Mimi nikakaa kimya. Akaniambia nipitishe kidole toka ndani ya hedi kwenda nje, kufuata njia ya moshi. Kidole kikigonga ukingo, basi manifoldi ni ndogo kuliko hedi, na moshi nao unagonga pale pale. Hiyo ndiyo mbaya. Kidole kikidondoka kidogo, yaani manifoldi ni kubwa kuliko hedi kwa unene wa kucha hivi, hiyo haina neno. Tena ina faida: moshi ukitaka kurudi nyuma kwenye silinda, unakutana na ule ukingo wa hedi unaupunguza kasi. Kwa hiyo kulinganisha matundu ya ekzosi si lazima yawe sawasawa kama sarafu mbili. Kosa likibidi liwepo, liwe upande wa manifoldi kuwa kubwa.

Upande wa kuingiza hewa sheria inageuka, kwa sababu huko safari inaanzia kwenye manifoldi kwenda kwenye hedi. Ukishika tu kwamba mkondo usikutane na ukingo uliosimama mbele yake, huna haja ya kukariri. Unajiuliza mkondo unatoka wapi.

Sasa uamuzi. Njia rahisi ni kutafuta manifoldi ya mraba. Tulitafuta Morogoro, nikazunguka na Kariakoo siku mbili, nikaonyeshwa manifoldi za kila gari isipokuwa hiyo. Jamaa mmoja wa hostel, mpenzi wa magari, akanishauri tusage hedi: "Panua matundu, gari litakimbia kama la rally." Nilimpelekea mzee huo ushauri, akacheka mpaka akakohoa. Hedi ni aluminiamu, nyuma ya ukuta wa tundu kuna njia za maji ya kupooza. Ukisaga ukatoboa, umemaliza. Na hedi ya mraba nzima, isiyo na ufa wala kupinda, ni mali. Manifoldi ni chuma cha mtumba cha bei ndogo. "Siku zote, ticha, unakata kile unachoweza kununua tena." Hedi ibaki kama ilivyo, manifoldi ndo iifuate.

Lakini kwanza ajue kama manifoldi ina nyama ya kutosha. Tulipima unene wa chuma kuzunguka kila tundu kwa kalipa, hasa kwenye zile pembe ambako tutakata zaidi. Tundu la silinda ya 3 upande wa chini lilikuwa na nyama ndogo, akaliwekea alama ya msalaba: hapo tutachukua kidogo, hata kama pembe haitatimia. Bora pembe ikose milimita moja kuliko manifoldi itoboke.

Kwenye kuchora umbo ndo niliona akili. Mimi nilidhani unaweka gaskiti mpya juu ya manifoldi, unachora, unasaga. Mzee akakataa. Matundu ya gaskiti huwa ni makubwa kuliko ya hedi, na matundu ya bolti kwenye gaskiti na kwenye manifoldi yana nafasi, kitu kinaweza kusogea juu, chini, kulia, kushoto. Ukichora kwa gaskiti iliyosogea, umesaga upande usiohusika. Yeye alichukua karatasi ngumu ya boksi, akaipachika kwenye stadi za mwanzo na mwisho ili isiweze kutembea, halafu kwa nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo akawa anagonga taratibu kwenye ukingo wa kila tundu la hedi mpaka karatasi ikakatika yenyewe kwa umbo kamili. Matambara ameshaziba ndani ya matundu kuzuia uchafu. Alipomaliza tulikuwa na ramani ya hedi.

Kuihamishia kwenye manifoldi tulihitaji chuma kionekane. Hakukuwa na rangi ya kupimia. Kwenye begi langu kulikuwa na chaki toka BTP, nikatoa kipande, nikapaka uso wa manifoldi mpaka ukawa mweupe pee. Tukalaza karatasi, tukaiweka katikati ya matundu ya stadi pande zote, nikachora kwa msumari uliochongwa. Mzee akasema macho yake yamechoka, kwa hiyo kazi ya mistari aliniachia mimi na kijana wake, mwanafunzi pekee aliyebaki. Kijana yule hakumaliza shule, milimita kwenye rula zinamchanganya, lakini mkono wake hautetemeki. Nilichora, akasaga.

Tulitumia drili ya mkono yenye jiwe dogo la kusagia, na pale palipobana tukatumia tupa ya nusu duara. Chuma cha kumimina kinasagika vizuri lakini vumbi lake si la kuchezea, tulifunga vitambaa puani na miwani machoni. Mzee hakuruhusu tupanue mdomo tu tukaacha ukuta ndani. Ilibidi mraba uyeyuke polepole kuwa duara, kama milimita 20 kwenda ndani, mpaka kidole kisijue mraba umeishia wapi. Kung'arisha hakutaka. Alisema upande wa ekzosi masizi yatafunika kila kitu baada ya wiki, hapa umbo ndo muhimu kuliko mng'aro. Kila baada ya dakika kumi anafumba macho, anaingiza kidole, anasema "hapa bado", "hapa acha", "hapa umenipendeza". Mimi na rula yangu nahakiki, na alikuwa sahihi karibu kila mara.

Wikiendi mbili ziliishia hapo. Ya tatu ikaleta kitu ambacho sikukitegemea. Kwenye injini hizi manifoldi ya kuingiza na ya kutolea ziko upande mmoja, zimepishana, na baadhi ya stadi zinashika zote mbili kwa washa moja nene: nusu ya washa inakanyaga manifoldi ya hewa, nusu inakanyaga ya ekzosi. Zikiwa na unene tofauti, washa inakanyaga ile nene tu, nyembamba inabaki inaelea. Unakaza mpaka jasho, nati imekaza, lakini upande mmoja haujabanwa. Tuliweka rula ya chuma, ikacheza. Manifoldi ya mtumba ilikuwa nyembamba kidogo kuliko ya hewa, na isitoshe ilikuwa imepinda kwa joto. Kwa hiyo yule fundi wa kwanza hata angepata matundu sahihi, bado ingevuja.

Tuliipeleka kwa mtu wa mashine akaunyoosha uso, jambo lililoifanya iwe nyembamba zaidi. Basi kila washa ya pamoja tukaisaga upande mmoja ili ikae na ngazi inayolingana na tofauti ile, tukiipima moja moja na kuandika namba yake, kwa sababu tofauti haikuwa sawa kwa zote. Jamani, washa tu! Hiyo kazi ilichukua muda kuliko tundu la silinda nzima. Ndo maana watu wengi hawaifanyi.

Wikiendi ya nne tulifunga. Tuliosha manifoldi ndani na nje, maana vumbi la kusagia halina urafiki na kitu chochote. Gaskiti mpya, ya mraba. Nati zikaanza kukazwa za katikati, tukaelekea pembeni, raundi tatu, kila raundi nguvu ikiongezeka kidogo, ili chuma kilale kote kwa pamoja. Tukawasha. Kimya. Maana yake injini inanguruma, lakini ile tiki tiki hakuna. Mzee akatoa mpira wake, akazunguka nao, akanipa na mimi. Nikasikia mnyororo wa injini, valvu, feni. Nikamwagia maji ya sabuni kwenye ukingo kabla chuma hakijapata moto, kijana akaziba bomba la nyuma kwa kitambaa kwa sekunde chache. Hakuna povu. Tukaliacha lipate moto kabisa, likapoa mchana kutwa, nati zikakazwa tena. Zilikubali, nyingine karibu robo mzunguko. Hatua hiyo msiiruke, gaskiti mpya hulala baada ya joto la kwanza.

Mtauliza, gari linakimbia sasa? Niseme ukweli. Kwa injini ya kawaida isiyoguswa mahali pengine, kulinganisha matundu hakukupi farasi wapya wa kujivunia, kunakurudishia wale ulioporwa na fundi mbaya. Mama anasema amerudi gia ya tatu pale pale alipozoea. Mimi hilo linanitosha. Kubwa kwangu ni moshi. Kabla hajaruhusiwa kumpakia mtoto, tuliziba kwa mipira vitundu vyote vya nyaya kwenye ule ukuta wa mbele, na mimi nikakaa nyuma nikaenda naye Mgeta na kurudi, vioo nusu, namuuliza kila baada ya muda kama kichwa kinauma. Alichoka na maswali yangu. Kichwa hakikuuma. Safari iliyofuata akaenda mwenyewe, bado hakijauma, na ile presha aliyokuwa ameibebesha lawama imepimwa iko kawaida.

Naomba msome hapa hata kama mengine mmeyaruka. Kama nyumbani kwenu kuna gari la zamani, linalia tiki tiki asubuhi, na watu wakishuka wanalalamika kichwa au kichefuchefu ambacho kinaisha wakikaa nje, msisubiri. Fungueni vioo, zimeni gari, tafuteni fundi. Mkimweka mtoto kulala humo mnacheza na uhai wake. Wala kunusa hakutoshi, maana gesi yenyewe hainuki.

Mtu wa vyuma chakavu alikuja kweli, tarehe aliyopangiwa. Mama akamuuzia manifoldi ya zamani yenye ufa na betri mbovu, akamwambia lililobaki linatembea. Hakusema kama atalitunza milele, na mimi sikumuuliza. Mwezi umeisha na gari lipo, kwa leo imetosha.

Mzee naye aliniachia kazi. Alisema kijana wake anajua mkono lakini hajui mpangilio, na yeye hana miaka mingi ya kurudia kumwambia. Basi nikamwandikia hatua zote, kuanzia mpira sikioni mpaka kukaza mara ya pili, kwa Kiswahili chepesi na michoro mikubwa, namna ile ile tunayoandika andalio la somo: lengo, zana, hatua, tathmini. Kwenye tathmini niliandika: "Pitisha kidole toka kwenye hedi. Kisigonge kitu." Rula ya milimita tulifundishana Jumapili mbili, sasa anaisoma bila kuhesabu kwa vidole. Ile ramani ya karatasi ya boksi imetundikwa kwenye msumari pale gereji, imeandikwa L16 MRABA, kwa ajili ya Datsun itakayofuata. Mzee anasema moja tayari imeshakuja kuulizia.

Haya, mimi narudi kwenye Kemia ogania kabla haijanirudia yenyewe. Wenye notsi za lekcha mbili nilizokosa, nitafuteni, soda juu yangu bumu likitoka. Tuko pamoja.